Yamaha YBR125: pikipiki ya kujifunzia hadi leseni

Klachi ya Yamaha YBR125, yaani mkono wa kushoto unaokata na kuunganisha nguvu ya injini, ina sifa moja ambayo mtu anayeanza haioni siku ya kwanza, ingawa ndiyo inayombeba: sehemu inayoshikia ni pana. Kati ya pale pikipiki inapoanza kuvuta kidogo na pale klachi inapokuwa imeshika yote, vidole vina safari ndefu ya kutosha kwa mtu kujua amefika wapi. Ziko pikipiki ndogo ambazo safari hiyo ni fupi mno. Ukikosea kidogo tu, injini inazimika au pikipiki inachupa mbele. Hii inalalamika kwanza. Mlio wa injini unashuka, tenki linatetemeka katikati ya magoti, na bado unao muda wa kubana klachi tena.

Kwa sababu hiyo tunaipa alama za juu kama pikipiki ya kujifunzia, hata kwa mtu ambaye baadaye anataka kuendesha kitu kikubwa zaidi. Mapitio haya yanaipima kwa kazi hiyo moja: kumchukua mtu asiyewahi kushika usukani na kumfikisha kwenye mtihani wa leseni. Kubeba mizigo au safari ndefu ni habari nyingine.

Ni pikipiki ya silinda moja ya cc 124, inapozwa na hewa, ina gia 5, na nguvu yake ni kama farasi 10. Kiti kiko sentimita 78 kutoka chini. Ikiwa na mafuta na oili ina kilo 120 na ushei. Breki ya mbele ni ya diski na ya nyuma ni ya ngoma, na hakuna mfumo wowote wa kuzuia tairi lisikwame. Kuna matoleo ya kabureta na kuna ya sindano ya mafuta. Tutataja pale tofauti hiyo inapomgusa mwanafunzi.

Uzito na kimo

Kiti kimebanwa upande wa mbele, karibu na tenki, kwa hiyo hata mtu mwenye kimo cha sentimita 165 hivi anakanyaga chini bila kunyoosha vidole. Hilo lina maana kubwa kuliko linavyosikika. Mwanafunzi anayegusa ardhi kwa ncha za vidole hutumia nusu ya akili yake kuogopa kuanguka, na mtu anayeogopa kuanguka hutazama chini. Akitazama chini, pikipiki inamfuata huko huko.

Pikipiki ya kilo 120 ikianza kuinama wakati umesimama, mguu mmoja unatosha kuizuia. Ya kilo 200 ikishapita kiasi haizuiliki, iachie. Na hii nayo italala chini siku moja, hasa wakati wa kujifunza kona za polepole, kwa hiyo jifunze kuinyanyua kabla ya kujifunza kuipanda. Zima swichi, funga koki ya mafuta kama ni toleo la kabureta, na uingize gia ya kwanza ili isibiringike. Ikiwa imelalia upande wa kulia, fungua kwanza stendi ya pembeni, kwa kuwa stendi iko kushoto na ndiko itakakoelekea ukiisimamisha. Geuza usukani wote upande ilikolalia, uipe mgongo, weka makalio kwenye ukingo wa kiti, shika mpini wa usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Kazi ifanywe na miguu. Anayeinama na kuvuta kwa mikono ataumia kiuno.

Saa ya kwanza

Tafuta uwanja tambarare, mgumu, usio na changarawe. Washa injini, bana klachi, ingiza gia ya kwanza, nyayo zote mbili zikiwa chini. Usiguse mafuta kabisa, yaani usizungushe mpini wa kulia. Achia klachi polepole hadi pikipiki itake kwenda, uishike hapo hapo kwa sekunde tatu, halafu ubane tena. Pikipiki itasogea kama nusu mita na kusimama. Rudia mara 20, hata kama unaona umeshajua mara ya tano.

Sababu ya kutogusa mafuta ni kwamba YBR125 inaweza kujivuta yenyewe kwa mzunguko wa chini wa injini. Klachi ikishashika yote, gia ya kwanza inakupeleka kwa kasi ya mtu anayetembea kwa haraka. Mwanafunzi anayeambiwa tangu mwanzo aongeze mafuta huku akiachia klachi hujifunza mambo mawili kwa mpigo na huyachanganya: vidole vya kushoto vikifunguka ghafla, mkono wa kulia nao unazunguka ghafla, na pikipiki inaondoka bila mwenyewe. Anza na mkono mmoja. Mafuta yataingia somo la pili, kidogo sana, kiasi cha kusikia mlio umepanda.

Lakini zoezi hili linategemea injini iwe imepangwa vizuri. Ikishapata joto, inatakiwa kuzunguka mara 1,300 hadi 1,500 kwa dakika bila kuguswa. Kuna watu hukaza skrubu ya kabureta mpaka injini iwe inapumua kwa shida, wakiamini wanaokoa mafuta. Pikipiki ya hivyo itamzimikia mwanafunzi kila anapoondoka, naye ataanza kuamini kwamba hana kipaji. Kabla ya kumlaumu mtu, sikiliza injini.

Jambo la pili la kukagua ni uhuru wa mkono wa klachi. Kwenye ncha yake uwe na mchezo wa milimita 10 hadi 15 kabla waya haujakaza. Ukizidi hapo klachi haikati vizuri: gia inaingia kwa kishindo, nyutro (hali ya kutokuwa kwenye gia yoyote) haipatikani, na pikipiki inavuta hata ukiwa umebana mpaka mwisho. Ukipungua, klachi haishiki yote na inateleza; injini inalia lakini mwendo hauongezeki. Nati ya kurekebishia iko pale mkononi, na marekebisho ni kazi ya dakika mbili. Waya ukichakaa nyuzi zake hukatika moja moja karibu na kile kichwa kidogo cha mwisho wake. Ukiona nyuzi zimechomoza, badilisha waya leo.

Usisahau kuipumzisha. Injini hii inategemea upepo wa mwendo ili ipoe, na mazoezi ya kuanzia hayana mwendo. Baada ya dakika 30 za klachi nusu nusu, izime kwa dakika 10. Kupumzika huko kunamfaa na mwanafunzi, kwa sababu misuli ya mkono wa kushoto inakuwa imechoka na vidole vilivyochoka havina hisia.

Mitego midogo ya mashine yenyewe

Yako mambo manne ambayo humfanya mtu anayeanza afikiri ameharibu pikipiki.

Toleo la kabureta lina koki ya mafuta yenye nafasi tatu: wazi, rizavu na kufunga. Ikiwa imefungwa, injini itawaka kama kawaida kwa mafuta yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta, itakwenda mita mia kadhaa, kisha itakohoa na kufa. Mwanafunzi hudhani ni klachi. Angalia koki kabla ya kuwasha, na usizoee kuendesha ikiwa kwenye rizavu, kwa sababu siku mafuta yakiisha hutakuwa na akiba.

Choki ni ya kuwashia injini ya baridi. Ikiachwa bila kurudishwa, mzunguko unabaki juu na pikipiki inasukuma kwa nguvu isiyotarajiwa unapoachia klachi. Irudishe mara injini inapoweza kujishikilia.

Kwenye matoleo yenye swichi ya usalama kwenye stendi ya pembeni, injini inazimika papo hapo ukiingiza gia huku stendi ikiwa chini. Wengi hupoteza dakika kumi wakipiga selfu hapo. Kama toleo lako halina swichi hiyo, hatari ni kubwa zaidi: utaondoka na stendi ikiwa imening'inia, na kona ya kwanza ya kushoto itakuinua tairi. Jizoeze kuirudisha juu kwa kisigino kila unapokaa.

La nne ni pedeli ya gia. Matoleo mengine yana pedeli ya ncha mbili, ambapo ncha ya nyuma inakanyagwa kwa kisigino ili kupandisha gia. Ni nzuri kwa kiatu, ila mtu anayeanza hupumzisha kisigino juu yake na kupanda gia bila kujua. Matoleo mengine yana ncha moja tu, unayoinyanyua kwa dole gumba. Fanyia mazoezi pedeli ile ile utakayofanyia mtihani. Mguu ukishazoea kitu huwa hauulizi kichwa.

Nyutro iko nusu ya hatua kati ya gia ya kwanza na ya pili. Njia rahisi ya kuipata ni kuitafuta kabla hujasimama kabisa, ukitoka gia ya pili kwa kugusa chini kidogo. Ukishasimama meno ya gia yanaweza kugomeana; sogeza pikipiki sentimita chache mbele au nyuma kisha jaribu tena. Kukanyaga kwa hasira hakusaidii, na kunapinda uma wa gia.

Mwendo wa polepole, ambako mtihani huangusha wengi

Mitihani inatofautiana, ila karibu yote inapima kitu kimoja mapema: je, unaweza kuiendesha pikipiki polepole bila kuweka mguu chini? Japani wanatumia ubao mwembamba wa urefu wa mita 15, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 5. Kwa pikipiki ndogo za hadi cc 125, unatakiwa kukaa juu yake angalau sekunde 5. Kwa daraja la kati ni 7, na kwa kubwa ni 10. Mita 15 kwa sekunde 5 ni kilomita 11 kwa saa hivi, mwendo wa mtu anayekimbia taratibu. Kwingine wanachora namba nane, wanapanga koni za kupita zigizaga, au wanakupa nafasi finyu ya kugeuza pikipiki nzima.

Hapa YBR125 inang'aa. Usukani wake unakata sana, gurudumu hadi gurudumu ni mita 1.29 tu, na injini ina shafti ya kupunguza mtetemo, kwa hiyo haitingishi mikono unapoipeleka kwa mzunguko wa chini. Mbinu yenyewe ina sehemu tatu zinazofanya kazi pamoja. Mkono wa kulia unashika mafuta kidogo na hauchezi. Mkono wa kushoto unapunguza na kuongeza mvuto kwa klachi, ukibaki ndani ya ile sehemu pana tuliyoisema. Mguu wa kulia unagusa breki ya nyuma kwa uzito mdogo, muda wote, kana kwamba umeweka yai chini ya kiatu. Breki ya nyuma inakaza cheni na kuituliza pikipiki, na ukitaka kupunguza mwendo unaongeza breki badala ya kukata mafuta. Ukikata mafuta ghafla katikati ya namba nane, pikipiki inajiangusha ndani ya kona.

Breki ya mbele usiiguse kabisa usukani ukiwa umekatwa. Kosa hilo peke yake linaangusha wanafunzi wengi kuliko mengine yote ya mwendo wa polepole: pikipiki imeinama, usukani uko pembeni, vidole vinabana kwa woga, shokapu za mbele zinazama, na uzito wote unakwenda upande wa ndani. Wakati wa zoezi hili vidole vya mkono wa kulia vikae vimezunguka mpini, mbali na breki.

Macho nayo yana kazi. Kwenye namba nane, geuza kidevu hadi kwenye bega na utazame unakotaka kutokea, ukiiacha koni iliyo mbele ya tairi ijipite yenyewe. Mwili ukae wima huku pikipiki ikilala chini yako, yaani uzito wako uende upande wa nje, hasa unapogeuza mahali finyu. Wanafunzi wengi hufanya kinyume kwa sababu wameona picha za mashindano, ambako mpanda pikipiki huning'inia ndani ya kona. Ile ni mbinu ya kasi kubwa.

Breki, na mahali mashine hii inapofika ukomo

Kwa mfano wa mtihani ulioandikwa waziwazi, chukua kanuni za Umoja wa Ulaya za daraja A1, ambalo ni la pikipiki zisizozidi cc 125 na kilowati 11. Mtahiniwa lazima afanye angalau mazoezi mawili ya mwendo wa polepole, mawili ya mwendo wa juu, likiwemo la kukwepa kizuizi kwa kilomita 50 kwa saa au zaidi, na angalau mawili ya breki, likiwemo la kusimama kwa dharura kutoka kilomita 50 kwa saa au zaidi. Pikipiki ya mtihani iwe na cc 120 au zaidi na iweze kufika kilomita 90 kwa saa. YBR125 inatimiza masharti hayo yote. Ina faida nyingine juu ya skuta: huko, ukifanya mtihani kwa mashine isiyo na mkono wa klachi, leseni yako inakuruhusu kuendesha mashine za aina hiyo tu. Nchi nyingine zina sharti kama hilo. Uliza mapema.

Sasa hesabu. Kilomita 50 kwa saa ni karibu mita 14 kwa sekunde. Sekunde moja ya kushtuka inakula mita 14 kabla hujagusa chochote. Baada ya hapo, breki nzuri kwenye lami kavu inataka mita 16 nyingine. Kutoka kilomita 30 kwa saa, kushtuka ni mita 8 na breki ni mita 6. Mwendo haujafika hata maradufu, ila sehemu ya breki imekaribia kuwa mara tatu. Hili mwanafunzi aliyefanya mazoezi kwa kilomita 30 tu hulijua siku ya mtihani, na anakuwa amechelewa.

Mbinu ya kusimama kwa dharura: funga mafuta, bana klachi, gusa breki zote mbili kwa pamoja. Mkono wa mbele ubanwe kwa hatua mbili. Kwanza kaza kidogo hadi uhisi shokapu za mbele zimezama, maana hapo uzito umeshahamia tairi la mbele na limekandamizwa barabarani. Kisha endelea kukaza kwa nguvu. Anayenyakua kwa mara moja anafunga tairi ambalo bado halijapata uzito, nalo linateleza. Vidole vinne vitumike mwanzoni. Kichwa kiwe juu, macho mbele, mikono inyooke kidogo ili mwili usisogee kwenye tenki. Kabla hujasimama kabisa uwe umeshuka hadi gia ya kwanza.

Tairi la mbele likikwama, achia papo hapo na ubane upya kwa upole. La nyuma likikwama pikipiki ikiwa imenyooka, unaweza kupunguza shinikizo taratibu; likiwa limeshaanza kuchepuka pembeni, liache limekwama hadi usimame. Ukiachia tairi la nyuma wakati limechepuka, linashika ghafla na kukurusha upande wa pili.

Upande huu ndio udhaifu wa YBR125. Diski ya mbele inatosha kwa uzito wake, lakini breki ya ngoma ya nyuma haina hisia nzuri: haitoi kitu, haitoi kitu, halafu inafunga. Tairi ni nyembamba, na kwenye rangi za barabarani zilizoloa au kwenye mchanga hazina huruma. Mwanafunzi aliyezoea pikipiki yenye msaada wa kuzuia tairi kukwama atashangaa. Sisi tunaona afadhali ashangae uwanjani akiwa kwenye kilomita 30, kwa sababu mguu wake utajifunza kipimo. Ila lazima ashangae mara nyingi: breki 30 kwa kipindi kimoja, ukianzia kilomita 20, kisha 30, kisha 40, kisha 50. Anayefundishwa kusimama kwa dharura mara tatu hajafundishwa.

Kukwepa kizuizi nako kunafundishika vizuri hapa kwa sababu pikipiki ni nyepesi. Ukitaka kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia wa usukani mbele; pikipiki itainama kulia na kwenda huko. Ukitaka kushoto, sukuma wa kushoto. Wengi hawaamini hadi wajaribu kwa kilomita 30 kwenye mstari ulionyooka, kwa msukumo mdogo wa kiganja. Wakati wa kukwepa usifunge breki. Ama ufunge breki kabla, ukiwa umenyooka, ama ukishapita. Vyote viwili kwa pamoja vinazidi uwezo wa tairi.

Cha mwisho isichoweza kufundisha ni kupita magari. Ikiwa kilomita 70 na kitu, akiba ya nguvu ni ndogo, na kupanda mlima au kwenda dhidi ya upepo unalazimika kushuka gia ya nne. Kwenye barabara kuu usipange kupita gari kwa kutegemea itachomoka. Mtu atakayepata leseni kwa YBR125 na kupanda pikipiki ya cc 600 wiki inayofuata bado ana masomo ya mafuta na breki mbele yake. Leseni haimfundishi hayo.

Siku moja kabla ya mtihani

Mtahini huanza na ukaguzi, na pikipiki mbovu inakuangusha kabla hujapanda. Upepo wa tairi upimwe zikiwa baridi: kwa mtu mmoja, mbele 25 psi na nyuma 29. Cheni iwe na mchezo wa kama milimita 25 katikati ya upande wa chini, ipimwe kwenye sehemu inayokaza zaidi baada ya kuzungusha tairi. Cheni iliyolegea inafanya pikipiki iruke ruke kwenye mwendo wa polepole, na mwanafunzi hudhani ni klachi yake. Pedeli ya breki iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30, na kila unapoirekebisha hakikisha taa ya breki bado inawaka kwa mguu na kwa mkono, maana swichi ya mguu ina marekebisho yake peke yake. Nyuma kwenye ngoma kuna kishale kinachoonyesha kuchakaa kwa breki shuu. Kikifika alama ya mwisho, badilisha. Indiketa zote nne, honi, taa kubwa na ndogo, vioo viwili vilivyokaza.

Indiketa za YBR125 hazijizimi. Wako wanaoanguka mtihani wa barabarani kwa hilo tu: wamekata kona vizuri, kisha wamekwenda mita 300 indiketa ikiwaka. Jizoeze kubonyeza swichi katikati kila baada ya kugeuka, hata kama unaamini umeshaizima. Na kabla ya kila kuondoka au kubadilisha upande, geuza kichwa utazame juu ya bega. Vioo havionyeshi gari lililo ubavuni, na mtahini hawezi kuona macho yako yakicheza ndani ya kofia. Anaona kofia ikigeuka.

Kuhusu kofia: ikaze ukanda, ishike kwa nyuma chini kabisa, jaribu kuivuta mbele juu ya kichwa. Ikitoka, ni kubwa kwako. Glavu, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu na koti la mikono mirefu ni vya siku ya kwanza ya mazoezi, kwa sababu siku hiyo ndiyo yenye kuanguka kwingi.

Ukinunua iliyotumika

YBR125 nyingi zinazouzwa zimeshapitia mikono ya wanafunzi, na dalili zinasomeka. Tazama ncha za usukani, ncha za mikono ya breki na klachi, na vipandio vya miguu: mikwaruzo ni kawaida, ila linganisha kushoto na kulia. Kama kipandio kimoja kimeinuka au pedeli ya gia imegusana na kava la injini, ilianguka vibaya. Isimamishe kwenye stendi ya kati, inua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi kijishimo katikati, golori za shingo zimekula, na pikipiki hiyo haitanyooka kwenye mwendo wa polepole hata ikiendeshwa na fundi. Kisha shika shokapu za mbele kwa chini na uzisukume mbele na nyuma. Kusiwe na mlio.

Klachi ijaribiwe barabarani: ukiwa gia ya tatu kwenye kilomita 40, ongeza mafuta yote. Mlio na mwendo viongezeke pamoja. Mlio ukitangulia, sahani za klachi zimekwisha, au mwenye nayo ametia oili ya gari. Klachi ya pikipiki hii inaogelea kwenye oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya iteleze. Inayofaa ni yenye alama ya JASO MA kwenye kopo (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki zenye klachi ya namna hii), na wakati wa kubadilisha inaingia kama lita moja. Angalia pia namba ya injini na ya fremu zilingane na kadi, maana ziko nakala zenye umbo hili hili na vipuri vyake haviingiliani sawasawa.

Mwisho, mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa kiganja, iwe baridi. Iwashe mwenyewe, kwa choki kama ni ya kabureta. Ikiwa na selfu na kiki, jaribu vyote viwili, kwa sababu betri ya pikipiki ya mazoezi huchoka mapema kwa kuwashwa na kuzimika mara nyingi, na kiki ndiyo itakayokuondoa uwanjani siku hiyo.